Kalafati Kabla ya Kusi

Tabora haina bahari wala ziwa. Mji umekaa juu ya uwanda wa Unyamwezi, kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, miombo ikiuzunguka pande zote, na kiangazi kikikolea mito mingi ya mkoa hubaki mchanga mtupu. Hata hivyo, anayetaka kuielewa boti ya mbao ya Ziwa Tanganyika, na namna inavyowekwa tayari kwa upepo mkali, ni vema aanzie huku porini, kwenye shina la mninga.

Mninga ni mti wa subira. Huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na ukikatwa hutoa utomvu mwekundu. Maseremala wanaupenda kwa rangi yake. Fundi wa boti anaupenda kwa jambo jingine: mbao zake zikishakauka sawasawa hazichezi. Zikilowa hazivimbi kupita kiasi, zikianikwa juani hazinywei sana wala hazipindi. Sebuleni sifa hiyo haionekani. Inaonekana usiku, katikati ya ziwa, wakati mawimbi yanaipinda boti huku na huku na kila mshono unatafuta sababu ya kufunguka.

Njia ya zamani ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Kwihara karibu na Tabora ya leo, na kuishia Ujiji; kilomita zipatazo 1,200 kwa miguu. Habari zake zimeandikwa sana, na karibu zote ni habari za nchi kavu: wapagazi wa Kinyamwezi na mizigo mabegani, pembe za ndovu, watumwa waliofungwa minyororo, hongo kwa watemi, kiu na homa. Mimi navutiwa na mahali ambapo miguu ilikuwa haina kazi tena. Huko Uvinza msafara ulisimama kwenye Mto Malagarasi, ukamngoja mvushaji na mtumbwi wake wa gome la mti. Na mwisho wa safari, pale Ujiji, mfanyabiashara aliyevuka pori lote hilo salama alijikuta amesimama ufukweni anatazama milima ya Kongo kwa mbali. Mali aliyoifuata iko ng'ambo. Baada ya miezi ya kutembea, kila kitu sasa kilitegemea chombo kidogo na mtu aliyekichonga.

Mitumbwi mikubwa ya wakati ule ilichongwa kwa magogo ya mvule yaliyokatwa katika misitu ya Ugoma, upande wa magharibi wa ziwa. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na mwezi uliofuata Speke akavuka kwa mtumbwi kwenda kisiwa cha Kasenge kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayim amkodishe jahazi. Njiani alipigwa na dhoruba ya usiku iliyotikisa hema lake kisiwani, na jahazi lenyewe hakulipata. Miaka 16 baadaye akaja Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Yeye alikuwa mtu wa bahari, akapata vyombo viwili pale Ujiji, akaviita Betsy na Pickle, akavielekeza kusini mpaka Mei 1874 alipofika Lukuga, mto unaotoa maji ya ziwa. Kisha Edward Hore, nahodha aliyeletwa na London Missionary Society, alifika Ujiji mwaka 1878. Alianza na chombo cha huku huku alichokiita Calabash, na mwaka 1883 akaleta boti ya chuma, Morning Star, iliyobebwa vipande vipande kutoka pwani. Watu hawa walikuwa na dira na vipimo. Lakini makasia yalishikwa na watu wa ziwa, na kauli ya kwamba leo tunatoka au leo hatutoki ilikuwa ya watu hao hao.

Ziwa lenyewe linaeleza kwa nini kauli hiyo haikupaswa kupuuzwa. Lina urefu wa kilomita 673 kutoka Burundi hadi Zambia, na upana wa wastani wa kilomita 50 tu. Kina chake kinafika mita 1,470. Limelala katikati ya milima miwili ya bonde la ufa, likielekea kaskazini na kusini. Kuanzia Mei mpaka Septemba kusi, upepo wa kusini, hukamata njia hiyo kwa urefu wake. Upepo unaosukuma maji kilomita mia mbili tatu bila kizuizi hujenga wimbi kidogo kidogo, na likifika Kigoma limeshakuwa kubwa. Kusi hiyo husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini kiasi kwamba huku kusini maji baridi ya chini hupanda kuchukua nafasi yake. Msimu wa mvua nao una hatari ya namna nyingine: wingu jeusi linajikusanya juu ya milima ya Kongo jioni, na usiku linavuka ziwa na radi na upepo wa ghafla. Kusi unaiona ikija siku nyingi kabla. Radi ya mvua pengine inakupa muda wa kukunja wavu tu.

Na wavuvi wako huko nje usiku huo huo, kwa sababu dagaa huvuliwa gizani. Karabai, na siku hizi taa za umeme wa betri, huwashwa juu ya maji ili dagaa wakusanyike, na nyuma yao migebuka. Mwezi unapong'aa sana taa hazivuti samaki, boti hurudi mwaloni na kupumzika. Siku hizo za mbalamwezi ndizo siku za fundi. Ukipita mwalo wa Kibirizi, au Katonga, au Ujiji kwenyewe, utasikia nyundo kabla hujaona boti.

Kazi huanza kwa kuitoa boti majini. Injini hushushwa kwanza, kisha nyavu, taa, mbao za kukalia, kila kitu ambacho hakikupigiliwa. Magogo ya kuviringishia hupangwa mchangani, watu hushika ubavu kwa ubavu, na mmoja huimba ili wote wavute pamoja. Boti ikifika juu huegeshwa kwa ubavu, ikatiwa magogo chini yake, ikaachwa. Fundi mzuri hagusi chochote siku hiyo. Anataka mbao zipumue. Mshono uliolowa hauwezi kupokea pamba vizuri, na mbao iliyolowa huficha ugonjwa wake.

Ndipo unakuja ukaguzi, na mimi naweza kuutazama mchana kutwa bila kuchoka. Fundi anaanzia omoni na kurudi nyuma hadi tezini, akigonga kila ubao kwa mpini wa nyundo. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu. Ubao ulioanza kuoza hujibu kwa sauti ya chini, nzito, iliyofungika. Anapofika kwenye msumari anatazama kama kuna doa jeusi kuuzunguka, maana kutu hula mti unaoizunguka, na msumari unaweza kuonekana umekaa imara kumbe tundu lake limeshapanuka. Anatumia muda mrefu zaidi kwenye ubao wa kwanza, ule unaokutana na mkuku. Mwenye haraka huutazama ukingo kwa sababu ndio unaoonekana. Dhoruba huanzia chini, pale boti inapokunjwa na wimbi na uzito wote wa mzigo unakaa juu ya mshono mmoja. Kisha anaingia ndani na kupapasa mataruma, akitafuta taruma lililoachana na ubao. Nafasi ya unene wa kucha inatosha kumfanya aweke alama ya mkaa.

Akiwa na shaka, hana haja ya kubahatisha. Anamwaga ndoo kadhaa za maji ndani ya boti, anazunguka nje, anachuchumaa na kungoja. Maji yanayotafuta njia ya kuingia na yanayotafuta njia ya kutoka hupita mlango mmoja. Tone likijitokeza kwenye mshono, anaweka alama. Ni jaribio rahisi kuliko yote, na linahitaji kitu ambacho mwenye boti huwa hana siku hiyo, yaani muda.

Baada ya hapo ndiyo kalafati, yaani kuziba mishono kwa pamba. Pamba ya zamani hutolewa kwa ncha iliyopinda, taratibu, ili kingo za mbao zisichanike. Mshono husafishwa mpaka mti safi uonekane. Pamba mpya husokotwa kwa vidole iwe uzi mnene wenye unene sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, ikapakwa mafuta. Kigoma ni nchi ya michikichi na mawese hayako mbali. Halafu fundi anashika chembeu mkono mmoja na nyundo mkono wa pili, anaingiza pamba hiyo kidogo kidogo, anarudi nyuma anaipiga tena, anasogea. Chembeu haina makali, maana inasukuma na haikati. Pigo lake ni jepesi kuliko unavyotarajia.

Sikiliza sauti. Mwanzoni pamba ikiwa bado imelegea, nyundo hutoa mlio mfupi uliokufa. Mshono unavyojaa mlio unapanda, unakuwa mgumu, na kuna mahali unafika ambapo ubao wote unaitikia. Mwanagenzi husikia mlio huo na kufurahi, akataka kuongeza. Hapa ndipo ufundi wote ulipo, kwa maoni yangu, kuliko hata katika kuchonga.

"Mzee, bado naona nafasi hapa. Niongeze?"

"Acha, mwanangu. Hiyo ni nafasi ya maji."

Ubao mkavu utavimba ukirudi majini. Mshono uliojazwa mpaka kikomo hauna pa kuvimbia. Mbao zitasukumana, na kwa kuwa haziwezi kusogea upande, zitasukuma misumari yake na kujitoa kwenye mataruma. Boti iliyokalafatiwa kupita kiasi hutoka nchi kavu ikiwa nzuri kuliko zote na huanza kujivunja yenyewe ndani ya wiki chache. Iliyokalafatiwa pungufu huvuja tangu siku ya kwanza. Kati ya hizo mbili kuna kipimo ambacho hakijaandikwa popote, nacho hubadilika kwa kila mti: mninga unahitaji nafasi ndogo, mbao nyepesi zinazovimba sana zinahitaji zaidi, na ubao uliokatwa mwaka huu si sawa na uliokauka miaka mitatu. Fundi anakijua kwa mkono na sikio. Sijaona anayekijua kwa njia nyingine.

Pwani kazi hii ni ile ile, na yeyote aliyekaa Lamu, Pangani au Unguja ataitambua. Mafundi wa majahazi hukalafati kwa pamba na mafuta, kisha chini ya chombo hupaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mti. Ziwa halina wadudu hao, kwa hiyo huku juu ya kalafati hupakwa lami au rangi, na wengine hupigilia vipande vyembamba vya bati juu ya mshono. Bati lina faida yake, linailinda pamba isitolewe na msuguano wa mchanga boti inapovutwa ufukweni. Ila lina hatari: huficha. Fundi makini akikuta bati hulibandua kwanza, hata kama mwenye boti ananung'unika juu ya gharama.

Misumari mipya hupigiliwa baada ya tundu kutobolewa kwa keekee, mti usipasuke, na ncha inayotokeza ndani hukunjwa chini ili isirudi. Mahali palipooza hukatwa palipo na mti mzima, wala si mwishoni mwa uozo, na kipande kipya huungwa kwa mkato wa mshazari ili kiungo kiwe kirefu na kigawane mzigo. Zipo boti zenye mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti ili wavu mpana ushuke katikati yake. Hizo zina kazi ya ziada, maana kila mtumbwi unataka kupanda wimbi kwa wakati wake, na kamba zinazofunga miti hiyo ndizo zinazobeba ugomvi wao. Fundi huzifungua zote na kuzitazama upande wa ndani, uliokuwa umejificha.

Na kamba kwa jumla. Watu hufikiri kamba hukatika kwa kuvutwa. Kamba nyingi hufa kwa kusuguliwa, mahali pamoja, usiku kucha, kwenye ukingo wa ubao. Kwa hiyo kabla ya upepo, kila mahali kamba inapogusa mti hufungwa kitambaa, vipande vya kitenge cha zamani au mpira wa tairi, na ikifika asubuhi kamba husogezwa kidogo ili msuguano uangukie mahali papya. Wenye boti ndogo katika visiwa vya Karibi, ambako vimbunga huja karibu kila mwaka, hufanya jambo hilo hilo, pamoja na kuzivusha boti zao hadi kwenye vijito vya mikoko ambako mizizi inavunja nguvu ya wimbi. Hawakujifunza Ujiji, wala Ujiji haikujifunza kwao.

Boti iliyokwisha kukalafatiwa hairudi kazini siku hiyo. Huteremshwa majini na kuachwa imefungwa, inywe. Usiku wa kwanza itaingiza maji, pengine mengi, na mgeni atadhani kazi imeharibika. Siku ya pili yanapungua. Mbao zinavimba, zinakumbatia pamba, na ile nafasi aliyoiacha mzee inajaa. Ndipo maji ya ngama hufuliwa kwa dumu lililokatwa, na boti ikikaa kavu usiku mzima, fundi hutangaza kazi imekwisha. Wakati huu ndio mwenye boti humsumbua zaidi.

"Mzee, giza linaanza kesho kutwa."

"Na mwezi ujao giza litakuwepo tena, baba. Iache inywe."

Nawaheshimu mafundi kwa jibu hilo kuliko kwa lolote jingine. Dagaa wa wiki moja ni karo ya watoto, na fundi anajua hivyo, naye mwenyewe halipwi mpaka boti itoke. Bado anasimamia kauli yake.

Yapo pia matayarisho yanayohusu kutoka. Mzigo huwekwa chini na katikati, na ukikaa sana omoni boti itajichimbia kwenye wimbi. Dumu la kufulia maji hufungwa kwa kamba, kwa sababu dumu lililosombwa na wimbi la kwanza halina msaada kwenye wimbi la pili. Nanga huwepo, lakini ziwa hili huanguka ghafla karibu na ufukwe, na mwendo mfupi tu kutoka nchi kavu kamba yako haifiki chini. Hivyo wavuvi hawawezi kutegemea nanga dhoruba ikiwakuta ndani. Kinachobaki ni kuielekeza omo kwenye wimbi na kuishikilia hapo kwa makasia au injini, ama kwa kitu kinachokokotwa majini kwa kamba ndefu kutoka omoni, boti isigeuke ubavu. Boti iliyogeuka ubavu imekwisha. Ndiyo sababu kasia la ziada hupakiwa hata na mwenye injini mpya.

Na kubwa kuliko yote ni kutotoka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari za upepo na mawimbi, na simu imezifikisha mpaka mwaloni. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia, tahadhari hizo ziliwafikia wavuvi wa pwani kabla upepo haujawafikia. Miaka 152 nyuma, Aprili 1872, Unguja ilipigwa na kimbunga ambacho hakuna aliyekitarajia, na majahazi yaliyokuwa bandarini yakaangamia karibu yote. Mwandishi wa habari Stanley wakati huo alikuwa njiani, ameagana na mmisionari mpelelezi Livingstone huko Kwihara mwezi mmoja kabla, akirudi pwani kwa njia ya misafara. Tufani hiyo ilimfikia bara kwa sura ya mafuriko, na ukuta wa mji wa Simbamwene, Morogoro ya leo, ukabomolewa na maji.

Chombo kikubwa kuliko boti hizi zote nacho kina habari yake ya matayarisho. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa treni. Reli ya kati, iliyofuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara, ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Meli ikaungwa tena Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wakijiandaa kukimbia, waliamriwa waizamishe. Waliipakia mchanga, lakini kabla ya hapo mafundi waliijaza injini grisi nzito, kila sehemu, ili maji yasiile. Meli ililala chini ya ziwa kwa miaka, ikaja kuibuliwa Machi 1924. Ilipoibuliwa na kusafishwa injini zilikuwa zinafaa, na Mei 1927 ikaanza safari kwa jina jipya la Liemba. Sina huruma na jeshi lile wala vita vile. Lakini mafundi walioipaka grisi meli waliyoamriwa kuizamisha walikuwa wa ukoo mmoja na mzee wa Ujiji anayebandua bati kutazama mshono. Wote walikuwa wanatengeneza kwa ajili ya siku ambayo hawakuwa na hakika ya kuiona.

Na Liemba haikuweza kufanya kazi bila boti ndogo. Vijiji vingi vya kusini havikuwa na gati, kwa hiyo meli ilisimama maji ya kina, mara nyingi usiku, na mitumbwi ilitoka ufukweni kuipokea, ikijigonga kwenye chuma chake huku abiria, magunia ya dagaa na watoto wachanga wakipitishwa mkono kwa mkono. Mama aliyemkabidhi mtoto wake kwa mikono ya chini gizani aliweka imani kwenye kalafati ya mtu asiyemjua.

Kazi yenyewe sasa imebanwa. Maji ya ziwa yamepanda sana katika miaka ya karibuni, na fukwe za Kigoma zimepungua. Mahali palipokuwa na mchanga mpana wa kupandisha boti pamekuwa maji. Boti ambayo haiwezi kuvutwa juu haiwezi kukauka, na isipokauka haikaguliwi. Mninga mzuri ni adimu na ghali, kibali cha kuuvuna kinahitajika, nao ni sawa uhitajike, maana miombo ya Tabora si ya kumalizwa kwa kizazi kimoja. Boti za faiba zinaingia. Nazo ni nzuri, hazivuji mishononi kwa sababu hazina mishono, na anayeweza kununua anunue. Lakini wengi hawataweza kwa miaka mingi, na watu watavuka ziwa kwa mbao usiku wa leo.

Kuna jambo moja lililonipa matumaini. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi katika ziwa ulisimamishwa ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kwa familia nyingi ilikuwa miezi migumu na sitaki kuipamba. Lakini iliangukia moja kwa moja ndani ya msimu wa kusi. Boti zilikuwa juu, na mafundi walikuwa na muda ambao siku za mbalamwezi haziwapi. Ufungaji wa namna hiyo ukipangwa pamoja na ukarabati, na mikopo midogo ya mbao, pamba na misumari ikatolewa mapema, ziwa litafunguliwa kwa boti zilizo imara na samaki walioongezeka.

Njia ya misafara iliwekwa mwaka 2006 katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikitajwa Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara ipo tembe, Ujiji yapo makumbusho na miembe. Naomba wanaoisimamia orodha hiyo waongeze karakana ya boti ya Ujiji, na vijana ndani yake, maana ndiyo sehemu ya njia ile ambayo bado inafanya kazi. Naomba pia chuo cha uvuvi kilichopo Kigoma kimlete fundi wa kalafati darasani akiwa na chembeu yake, alipwe kama mwalimu, kabla kizazi hiki cha mafundi hakijaondoka. Na wewe mwenye boti unayesoma haya ikiwa ni Aprili, huku umesikia tone chini ya miguu yako mara moja au mbili, usiitoe tena mpaka mzee ameigonga. Mpigie simu leo, maana Mei atakuwa na foleni.